Maji Juu ya Meza za Watu

Siku ya kwanza ilikuwa harufu tu. Solfrid alikuwa amekaa sebuleni akifuma soksi, kiyoyozi kikimpulizia joto juu ya kichwa kama kawaida, mara joto lile likaja na harufu ya nyama. Si nyama mbichi, wala iliyooza. Nyama ya kulungu wa theluji, inayochemka taratibu katika mafuta yake, ya jiko la mtu anayejua kupika. Akaenda jikoni, jiko lilikuwa baridi. Akafungua mlango, akatoa pua nje. Theluji na bahari, basi. Na jirani wa karibu, nusu saa kwa miguu, alikuwa hali kitu ila samaki.

"Gunvald," akaita, "husikii harufu?"

"Nasikia harufu ya uzee," akajibu mumewe bila kuinua macho gazetini. "Inatoka kwenye kiti chako."

Huyo ndiye Gunvald Hagtvedt, na afadhali umjue mapema usije ukamhurumia bure. Miaka thelathini alikuwa mkuu wa idara ya ujenzi katika halmashauri moja ya kusini, na kazi yake ilikuwa kuwaambia "hapana" watu waliojua zaidi yake. Alipostaafu, mwili ulitoka ofisini lakini cheo kilibaki kichwani. Solfrid aliporithi nyumba ya shangazi yake huko Skarvika, kaskazini kabisa, pembezoni mwa ghuba, Gunvald alikubali kuhamia kama mfalme anayekubali kutembelea wagonjwa. Watu wa huko aliwaita walachumvi, kwa ajili ya samaki wao wa chumvi. Lafudhi yao aliigiza dukani mbele yao. Wao walimtazama, wakachukua maziwa yao, wakatoka. Kaskazini mpumbavu haonywi. Huachwa akutane na majira ya baridi.

Na kuonywa alionywa, mara moja tu, na hiyo ilikuwa bahati kubwa kuliko alivyostahili. Mwezi wa tisa alikuja fundi wa viyoyozi, Risten Balto, Msami, wa wale wenyeji wa asili wa kaskazini, wa upande wa pili wa ghuba, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye mabega ya mpiga makasia na ulimi wa wembe. Gunvald akamwonyesha ukuta wa kaskazini. Sanduku la nje la kiyoyozi alitaka likae hapo, juu ya jiwe bapa lililoota kuvu, kwa sababu pande nyingine lingemharibia mandhari.

"Hapa hapafai, mzee," Risten akasema. "Wakati wa baridi sanduku hili linajiyeyusha barafu lenyewe kila baada ya muda. Maji yanadondoka chini mchana kutwa, usiku kucha. Na hilo jiwe..."

"Jiwe lina nini?"

"Lina wenyewe."

Gunvald alicheka hadi akakohoa. "Solfrid! Njoo uone! Nimeagiza fundi, wameniletea mganga!"

Risten hakubishana. Alirudisha vifaa vyake garini na kuondoka. Wiki iliyofuata Gunvald akapata mafundi wawili kutoka mjini, watu ambao wangekufungia kiyoyozi hata kaburini kwa baba yako ukiwaelekeza, wakalifunga sanduku palepale alipotaka.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na mbili. Jua lilikuwa limeaga tangu mwisho wa Novemba, na saa sita ya mchana ilikuwa rangi ya wino na buluu kidogo juu ya milima. Baada ya harufu zikaja sauti. Sanduku la nje liliponguruma, feni ikizunguka, chini ya mngurumo ule Solfrid alisikia vijiko. Vijiko vingi, vikigusa bakuli za mbao. Mtu akikohoa. Mtoto akiulizwa jambo na kujibu. Feni ikinyamaza, kimya. Kisha sanduku linajiyeyusha, maji yanaanza, *to, to, to* juu ya jiwe, na vijiko vinasimama vyote kwa pamoja, kama watu waliokaa mezani wakatazama juu.

Siku ya nne, akiwa peke yake akimenya viazi, joto lililotoka kwenye kiyoyozi likamletea sauti ya mwanamke, karibu na sikio lake, haina hasira, imechoka tu: "Sogezeni."

Alimsubiri Gunvald arudi kutoka posta. Akamwambia kwa sauti ya chini, maana hakutaka wenye vijiko wasikie.

"Ni watu wa chini, Gunvald. Wale aliokuwa akiwasema shangazi. Tunawadondoshea maji mezani."

"Shangazi yako alikuwa anaongea na kuku."

"Kabla ya kumwaga maji ya moto nje, alisimama mlangoni akaita: Jihadharini, mlio chini! Kila mara. Sijawahi kumwona akisahau."

"Na mimi nimeoa ukoo huu," Gunvald akasema, akienda kufungua jokofu, "kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu."

Baridi ikazidi. Maji yaliyodondoka yaliganda juu ya jiwe, barafu ikapanda kidogo kidogo hadi ikashika tumbo la sanduku, ikaingia ndani, ikakamata feni. Asubuhi moja kiyoyozi kikapiga kelele ya chuma kinachotafuna chuma, kikanyamaza. Nyumba ikaanza kupoa.

Mtu mwenye akili angezima umeme akamwita fundi. Gunvald akachukua nyundo, akachemsha birika kubwa la maji. Swichi hakuigusa, alisema kuzima ni kwa waoga. Solfrid akamfuata nje akiwa na koti la kulalia tu na viatu vya theluji.

"Angalau ita kwanza. Neno moja tu."

"Niwaite?" Gunvald akainama juu ya jiwe, akafanya mikono tarumbeta mdomoni. "Haloo huko chini! Nguruwe nyinyi! Leo mnaoga!"

Akamwaga birika lote.

Mvuke ulipanda mweupe. Na kutoka chini ya jiwe, chini kabisa, kikatoka kilio cha mtoto, kilio kirefu kisichokuwa na pumzi, cha namna ile ambayo mzazi yeyote akiisikia anaacha alichoshika na kukimbia bila kujua anakokimbilia. Solfrid aliweka mikono masikioni. Kikaendelea. Kisha kikakatika ghafla, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Hewa," akasema Gunvald. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Hewa iliyobanwa kwenye barafu. Inatoka kwa sauti." Akapiga nyundo mara tatu juu ya barafu ili aonekane bado ana kazi, akakunja vile vibati vyembamba vya nyuma ya sanduku kama mtu anayevunja kitana, akaingia ndani.

Mchana ule walikaa kula. Samaki, viazi, siagi iliyoyeyushwa. Gunvald alichukua uma, na tone la maji likadondoka katikati ya sahani yake.

Akatazama dari. Dari ilikuwa kavu. Akapapasa mbao, kavu. Akasogeza sahani. Tone la pili likadondoka katikati yake, palepale, kana kwamba sahani haikusogea. Akasogeza kiti, akasogeza meza nzima hadi dirishani, Solfrid akinyanyua upande wake, na tone likawa linawasubiri huko, baridi, zito kidogo, lenye harufu ya mafuta ya maini ya samaki, yale ambayo shangazi alikuwa akimpaka mtu aliyeungua. Sahani ya Solfrid haikuguswa. Gunvald akala akiwa amesimama ukumbini, tone likamfuata ukumbini. Akala chooni, mlango umefungwa, taa inawaka, kofia kichwani, sahani imefunikwa na gazeti alilolishikilia juu kwa mkono mmoja huku akichota kwa mwingine, na gazeti lilibaki kavu na chakula kikalowa, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, hadi kila alichotia mdomoni, mkate, jibini, peremende, kilikuwa na ladha ya kidonda cha mtu mwingine, na katika giza lile la mchana lisiloisha alianza kusikia, nyuma yake kila alipomeza, mtu akimeza naye.

Hakukubali. Alisema ni bomba. Bomba gani, hakusema.

Solfrid ndiye aliyempigia Risten. Alitegemea kutukanwa. Risten aliuliza tu: "Amemwaga maji ya moto?"

"Amemwaga."

"Aliita kwanza?"

"Aliwatukana kwanza."

"Nakuja."

Alifika saa tano asubuhi akiwa amevaa taa kichwani, maana nje kulikuwa kweusi kama tumbo la chungu. Gunvald alimpokea mlangoni amekunja mikono.

"Mganga umerudi. Na tunguri zako umekuja nazo?"

"Nimekuja na bisibisi, mzee. Nipishe."

Alifanya kazi kama watu wanaotaka kuzeeka wanavyofanya. Alizima kiyoyozi kwa rimoti. Akaenda kwenye sanduku la umeme ukumbini, akazima swichi ya sanduku la nje, akaitia kufuli dogo jekundu, ufunguo akautia mfukoni na kufunga zipu.

"Kufuli? Ndani ya nyumba yangu?" akasema Gunvald. "Mimi nimeongoza mafundi hamsini."

"Wangapi wako hai?"

Solfrid alicheka, akajificha nyuma ya kikombe chake.

Nje, Risten alisubiri dakika kumi kabla ya kufungua kitu. Alimweleza Solfrid, aliyesimama kumshikia taa, kwamba mashine iliyozimwa haijafa bado. Umeme hubaki umelala ndani kwa muda, na ukiuamsha kwa kidole unaamka na hasira. Alivaa glavu nene kwa sababu ya vile vibati vyenye makali. Akafungua skrubu za kifuniko, akapima kwa mita yake, akapima tena. Hamna kitu. Ndipo alipopiga goti, akaweka kiganja juu ya jiwe, akasema kwa Kisami maneno machache ya mtu anayebisha hodi.

Kisha akayeyusha barafu kwa maji ya vuguvugu, kikombe kwa kikombe, polepole, akiyakinga kwenye beseni yasifike chini. Nyundo aliiokota, akaitupa nyuma ya bega bila kutazama.

"Angepasua bomba la gesi," akasema. "Mtu mzima."

Hapo feni ikajigeuza. Umeme umezimwa, ufunguo mfukoni, upepo haupo. Ilizunguka nusu mzunguko upande wa kulia, ikasimama, ikarudi nusu upande wa kushoto, taratibu, kama mtu anayesogeza pazia achungulie ni nani aliyekuja. Solfrid akarudi nyuma hatua moja.

"Usikimbie," Risten akanong'ona. "Wanatazama tu."

"Watatufanya nini?"

"Wewe ulifanya nini?"

"Mimi? Hakuna."

"Basi."

Chini ya feni, palipokuwa na barafu, nyuma ya chuma ambako mkono wa mtu haupenyi bila kufungua skrubu kumi na mbili, kulikuwa na kitambaa kimekunjwa. Risten alikivuta kwa koleo. Kilikuwa bendeji ya sufu, ndogo, ya kutosha mkono wa mtoto wa miaka miwili. Ilinuka mafuta ya maini ya samaki. Ndani yake kulikuwa kumebaki kitu cheupe na chembamba kama ngozi ya juu ya maziwa.

Risten aliirudisha bendeji chini, juu ya jiwe, kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu kitu kilichoanguka.

Akaendelea na kazi. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko kutafuta tundu la kutolea maji lililoziba. Dakika zikapita. Ndani ya nyumba taa za dirisha la ukumbini ziliwaka, zikazimika, hakuna aliyejali. Mara kutoka ardhini, si mbali, sauti ya mwanamke ikasema kwa Kisami, kwa haraka:

"Toa mkono."

Risten hakuuliza kwa nini. Aliuchomoa kwa nguvu hadi akaanguka chali kwenye theluji, glavu ikabaki ndani, na papo hapo feni ikaruka kwa kasi yake yote. Vipande vya glavu vilitapakaa hadi ukutani.

Mlangoni alisimama Gunvald, rimoti mkono huu, mkasi wa kukatia waya mkono huu.

"Inafanya kazi!" akasema kwa furaha. "Nusu saa nzima mnachezea matope. Nimeondoa kile kikufuli chako cha kitoto na imewaka mara moja. Mnaona?"

Risten alikaa kwenye theluji akihesabu vidole vyake. Alihesabu mara mbili. Kisha akainuka, akapita pembeni yake kana kwamba anapita pembeni ya kinyesi cha mbwa, akazima swichi, akaichomoa kabisa na kuitia mfukoni.

"Mama," akamwambia Solfrid, "nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Leo aliyetaka kuniua ni mumeo, na aliyeniokoa ni huyo ambaye mumeo alimuunguzia mtoto. Nampigia mjomba wangu."

Mjomba wake, Issat, alikuwa na miaka tisini na mbili, kwenye nyumba ya wazee huko ndani ya ghuba. Alikuwa msomaji wa maneno ya kuponya. Watu wa huko humpigia msomaji simu kama wengine wanavyompigia daktari: damu imegoma kusimama, mtoto halali, unapiga, anasoma, anakata. Risten aliweka simu katikati ya meza ya jikoni, spika imewashwa. Solfrid alikaa. Gunvald alisimama kwenye jokofu akitabasamu.

Ilisikika pumzi ya mzee, kisha mnong'ono wa maneno, mrefu, unaoshuka na kupanda. Kisha ukasimama.

"Ngojeni," akasema Issat. "Wanaongea wote kwa pamoja."

Dari ilikuwa imeanza kulia, *ki, ki*, kama inabeba uzito. Maji kwenye glasi ya Gunvald yalikuwa yanatikisika.

"Mtoto atapona," akasema Issat. "Ameuliza kama mama wa humo ndani anaweza kufuma soksi ndogo."

"Naweza," akasema Solfrid. "Mwambie naweza."

"Sanduku lihamishwe."

"Kesho asubuhi, mjomba," akasema Risten. "Ukuta wa kusini, na mfereji wa maji hadi baharini."

"Vizuri. Na yule mwanamume aombe radhi."

Wote wawili wakamgeukia Gunvald.

"Radhi," akasema Gunvald. "Kwa nani? Kwa jiwe? Kwa babu kwenye simu anayesubiri uji wake?" Aliinama juu ya simu. "Sikia, mzee. Wafukuze au usiwafukuze, ila fanya haraka, nasikia njaa."

Issat hakukasirika. Alicheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu aliyeona wengi.

"Wafukuze," akarudia. "Mwanangu Solfrid, unanisikia? Hao waliishi na shangazi yako miaka sitini hawakugombana hata siku moja. Wanasema nyumba ni yako, wao hawana neno. Wakiambiwa watoke, watatoka. Ila wanakuuliza wewe, mwenye nyumba: unataka nani atoke?"

Chini ya sakafu kukawa kimya, kimya cha watu wengi walioacha kutafuna.

Solfrid alimtazama mumewe. Miaka arobaini na moja. Alimtazama kama mtu anayetazama koti kuukuu na kujiuliza kwa nini amekuwa akilitundika mahali pazuri.

"Atoke yeye," akasema.

Gunvald alicheka. Alisubiri wengine wacheke. Kisha akaacha.

"Solfrid, acha upuuzi."

"Basi linapita saa mbili asubuhi. Fleti yako ya Drammen, kule kusini, ipo. Nitakufungia mkate."

"Unanifukuza kwa ajili ya mashetani?"

"Hapana," akasema Solfrid. "Wao hawakuniomba. Waliniuliza tu."

Asubuhi yake Risten alifika mapema kulihamisha sanduku. Alikuta Gunvald ameshaondoka, na kutoka mlangoni hadi kituo cha basi kulikuwa na mstari wa viatu vyake kwenye theluji mpya. Pembeni yake, hatua kwa hatua, kulikuwa na mstari mwingine, nyayo za mguu mtupu, ndefu na nyembamba kuliko za mtu, na kila unyayo ulikuwa umeyeyusha theluji hadi kwenye majani. Pale kituoni nyayo zote zilipanda basi. Hazikurudi.

Risten alizitazama muda mrefu. Kisha akachukua koleo la theluji, akazifukia moja baada ya nyingine kutoka kituoni hadi mlangoni, akaingia kunywa kahawa.

Nyumba ilitulia. Sanduku lilinguruma ukuta wa kusini kama paka. Solfrid alifuma jozi mbili za soksi ndogo, akaziweka juu ya jiwe, na kesho yake hazikuwepo. Jua lilirudi mwishoni mwa Januari, dakika chache tu, watu wakatoka nje kulitazama. Gunvald hakupiga simu, na Solfrid alishangaa jinsi asivyoshangaa.

Mwezi wa tatu, Jumapili, baada ya chakula, simu ikalia.

"Solfrid," ilisema sauti ya Gunvald. "Nimekuwa nikifikiri. Nilikukosea. Miaka mingi nilikukosea, na nyumba ya shangazi yako niliitukana, na watu wa huko. Naomba unisamehe."

Solfrid alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Sauti ilikuwa yake hasa, hata kile kikohozi kidogo mwanzoni. Lakini Gunvald, katika miaka arobaini na moja, hakuwahi kuomba radhi hata alipomkanyaga mguu. Solfrid alitazama mlango kama umefungwa, ingawa mlango haukuwa na kosa.

"Ni nani anayezungumza?" akanong'ona.

Upande wa pili kulikuwa na pumzi, taratibu, za mtu asiye na haraka.

"Kwani," sauti ikauliza kwa upole, "yule wa kwanza ulimpenda zaidi?"

Nje jua lilikuwa limekaa juu ya ghuba. Solfrid alifikiri kwa haki, kama anavyostahili kufikiriwa mtu uliyeishi naye maisha. Kisha akavuta kiti, akakaa, akahamishia simu sikio la pili.

"Umekula?" akauliza.